Sharubati Iliyogeuka Jioni

Shangazi yangu alikunywa mafunda mawili, akaiweka bilauri mezani taratibu, kisha akaifunika kwa kisahani kana kwamba angeirudia baadaye. Hakuirudia. Wageni walipokwisha kuaga niliinua kile kisahani nikakuta barafu yote imeyeyuka na kinywaji kimejitenga: juu kulikuwa na maji ya manjano yaliyopauka, chini mashapo mazito ya rangi ya chungwa. Nilionja. Haukuwa uchachu wa ndimu, wala ukakasi wa tunda bichi. Ulikuwa uchungu kama wa kidonge kilichotafunwa, uchungu unaokaa nyuma ya ulimi na usioondoka hata mtu akisukutua kwa maji.

Mchana wa siku hiyohiyo, saa saba kasoro, nilikuwa nimeionja sharubati hiyohiyo jikoni nikaridhika nayo kabisa.

Jambo hilo lilinikosesha utulivu kwa wiki kadhaa. Shangazi hatumii kileo, na nimeona mara nyingi namna watu wa aina yake wanavyohudumiwa penye wageni wengi. Wenzao huulizwa wanapenda kinywaji gani, kipoe kiasi gani, kiwekwe barafu au kisiwekwe. Wao husogezewa chupa ya soda na mazungumzo yakaishia hapo. Nilitaka safari hii apate kinywaji kilichofikiriwa kuanzia kwenye tunda hadi kwenye bilauri, kwa uangalifu uleule ambao wengine hupewa. Nilichagua machungwa, ndimu na nanasi. Niliamka mapema ili kila kitu kiwe tayari kabla mtu hajabisha hodi.

Kuamka huko mapema ndiko kulikoniponza, ingawa nilichelewa sana kulielewa hilo.

Niliilaumu sukari

Siku ya tatu nilimpigia simu.

“Shangazi, niambie kweli. Ile sharubati ilikuwaje?”

Alinyamaza kidogo. “Ilikuwa chungu, mwanangu. Nilijua umehangaika tangu asubuhi, sikutaka kukuvunja moyo mbele za watu.”

“Mbona mchana ilikuwa tamu?”

“Hilo utalijua wewe uliyeitengeneza.”

Nilidhani nimepunja sukari, kwa hiyo wiki iliyofuata nilirudia kila hatua na kuongeza kikombe kizima. Nilichopata jioni kilikuwa kitamu na kichungu kwa wakati mmoja, jambo ambalo ni baya kuliko uchungu mtupu, kwa kuwa utamu hutangulia na kumpa mtu matumaini kabla uchungu haujamfikia. Kisha nikaishuku ndimu, nikaiacha kabisa. Uchungu ukarudi vilevile. Nikabadilisha machungwa. Ukarudi, safari hii kwa nguvu kidogo zaidi.

Kilichonitesa ni kwamba kila mara nilipoonja punde baada ya kutengeneza sikupata kosa. Nilianza kuushuku ulimi wangu mwenyewe.

Bilauri nne

Nilichukua machungwa manane ya kikapu kimoja. Manne niliyakata katikati nikayakamua kwa mkono, bila kubana ganda hadi mwisho. Manne niliyamenya kama nilivyofanya siku ya wageni, yaani niliondoa ngozi ya nje tu na kuuacha ule utando mweupe, nikayatia kwenye blenda pamoja na mbegu zake, nikasaga, nikachuja. Kila juisi niliigawa nusu kwa nusu: nusu moja niliipasha kwenye sufuria hadi ikaanza kutoa mvuke, kwa sababu siku ile nilikuwa nimefanya hivyo ili sukari iyeyuke upesi, na nusu ya pili sikuipasha. Zikawa bilauri nne, kila moja imekalia kipande cha karatasi chenye maelezo yake. Niliziweka kwenye friji na kuzionja mara nne: papo hapo, baada ya saa moja, baada ya saa nne, na asubuhi iliyofuata.

Mwanzoni zote zilikuwa tamu. Zile zilizopashwa moto zilikuwa zimepoteza harufu ya tunda bichi na kupata harufu ya kitu kilichopikwa, lakini hazikuwa na uchungu. Baada ya saa moja ile iliyosagwa na kupashwa ilianza kuacha alama nyuma ya ulimi, alama hafifu ambayo nisingeitambua kama sikuwa nikiitafuta. Baada ya saa nne haikuwa hafifu tena, na ile iliyosagwa bila kupashwa ilikuwa njiani kuifuata. Asubuhi sikuweza kuimeza ile ya kwanza. Iliyokamuliwa kwa mkono bila moto ilikuwa bado inanyweka, japokuwa harufu yake ilikuwa imelala.

Hakuna aliyetia kitu chochote katika bilauri zile isipokuwa muda.

Nilikaa mbele ya bilauri hizo nikajisikia kama mtu aliyerudishiwa ulimi wake. Mchana ule sikuwa nimeonja vibaya. Nilikuwa nimeonja mapema.

Uchungu wenye saa yake

Wanakemia wa vyakula wanaujua uchungu huu kwa miaka mingi, na kinachouleta kina jina: limonini. Ajabu yake ni kwamba ndani ya chungwa zima, ukiacha mbegu, limonini yenyewe ni kidogo mno. Kilichomo, hasa katika utando mweupe, katika kuta zinazotenganisha vipande na katika mbegu, ni dutu iliyoitangulia ambayo haina uchungu wowote. Tunda likiwa zima, dutu hiyo imetengwa na maji yenye tindikali. Kisu kikipita, na zaidi sana blenda ikipita, kuta hizo hupasuka, dutu hukutana na tindikali, na kwa msaada wa kimeng'enya, kichocheo cha asili kilichomo humohumo tundani, huanza kugeuka polepole kuwa limonini. Mgeuko huo huchukua saa kadhaa. Moto huuharakisha. Miligramu chache tu katika lita nzima zinatosha kuhisiwa na ulimi.

Nilikuwa nimefanya yote matatu: nimesaga utando na mbegu, nimepasha moto, nimeacha kwa saa sita.

Machungwa hayalingani katika jambo hili. Lililokomaa vizuri mtini huwa na uchungu mdogo kuliko lililowahiwa, kwa kuwa kadiri tunda linavyoiva ndivyo lenyewe linavyoigeuza dutu ile kuwa kitu kisicho na uchungu. Machungwa ya kitovu, yale yenye kitundu chini kama tunda dogo lililojificha ndani ya tunda kubwa, ndiyo yanayojulikana zaidi kwa kugeuka. Asili yake ni Bahia nchini Brazili, na mwaka 1873 Eliza Tibbets aliipanda miche yake Riverside, California. Kwa kuwa hayana mbegu, huzalishwa kwa kuunganisha vikonyo, tawi kwa tawi, hadi leo. Ni tunda zuri mno la kumenya na kula. Lakini viwanda vya juisi vimependelea machungwa ya aina ya Valencia, na sasa ninaelewa kwa nini. Chungwa linaloliwa halipewi nafasi ya kugeuka.

Hata yale matabaka mawili niliyoyakuta chini ya kisahani yana maelezo. Ukungu mzuri wa juisi mpya hushikiliwa na pektini, dutu ya kunata iliyomo tundani, na kimeng'enya kingine cha tunda huanza kuibadili pektini hiyo mara tu juisi inapokamuliwa, hadi ukungu unashindwa kuelea na kuzama. Bilauri ya shangazi ilikuwa ikifanya kazi mbili kwa wakati mmoja, na hakuna hata moja niliyoiagiza.

Majaribu ya moto

Nilipofika hapo nilifikiri kwa muda kwamba dawa ni kuichemsha juisi sawasawa, nikiamini kwamba vimeng'enya vikiuawa vyote juisi itatulia. Moto kweli huzuia ukungu usizame. Uchungu hauuzuii, kwa sababu dutu ikishachanganyika na tindikali, joto lenyewe huusukuma mbele. Na kuna kitu kingine unachokichukua, ambacho nilijifunza kwa kusoma habari za daktari wa meli aliyeitwa James Lind.

Mwaka 1747, ndani ya meli ya kivita ya Uingereza HMS Salisbury, Lind aliwachukua mabaharia 12 wagonjwa wa kiseyeye, maradhi yanayolegeza meno, akawagawa wawili wawili na kuwapa tiba sita tofauti. Wawili waliopewa machungwa mawili na limau moja kila siku waliwapita wenzao wote kwa kupata nafuu, na mmoja wao alikuwa tayari kurudi kazini siku ya sita. Habari hiyo wengi wanaijua. Kilichonigusa mimi ni kilichofuata. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1753, Lind alitafuta njia ya kuitunza juisi kwa safari ndefu, akashauri ipashwe kwa saa nyingi juu ya maji ya moto hadi ibaki shira nzito. Kwa kuipasha hivyo aliharibu sehemu kubwa ya kile kilichowaponya watu wake, kwa kuwa vitamini C haivumilii joto na hewa kwa muda mrefu. Kitu chenyewe kilikuwa bado hakijulikani. Albert Szent-Györgyi, aliyekitenga, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1937.

Najua kwamba shangazi si baharia na hategemei bilauri yangu ili meno yake yabaki kinywani. Hata hivyo niliposoma habari hiyo niliiona sufuria yangu jikoni. Lind alitaka kuwahi, nami nilitaka kuwahi, na kwa nia njema kabisa kila mmoja wetu aliipeleka juisi mahali ambapo haikustahili kwenda. Niliacha kuipasha moto siku hiyo na sijairudia tena.

Kinachoweza kuwahi ni ganda

Lakini swali langu la kwanza lilibaki palepale. Mwenye wageni hawezi kuacha kila kazi hadi dakika ya mwisho. Ni kitu gani basi kinachoweza kutengenezwa tangu asubuhi bila kuharibika?

Jibu lilikuwa kwenye ndoo ya taka, nilikokuwa nikilitupa.

Harufu ya chungwa haitoki hasa kwenye maji yake. Inatoka kwenye vijifuko vidogo vya mafuta vilivyotapakaa katika ngozi ya nje, vile vinavyorusha ukungu mtu anapoikunja kwa vidole. Zaidi ya asilimia 90 ya mafuta hayo ni limonene, ambayo jina lake linakaribiana na limonini lakini ni kitu kingine kabisa, chenye harufu na kisicho na uchungu ule. Mafuta hayo hayachanganyiki na maji kwa urahisi, ila sukari huyavuta.

Siku hizi mimi humenya ngozi hiyo ya nje kwa kisu chepesi, nyembamba kiasi cha kuuona mwanga upande wa pili, bila kugusa weupe. Huiweka bakulini, huinyunyizia sukari na kuiponda kidogo kwa mwiko wa mti. Dakika za kwanza hakuna kinachotokea. Baada ya nusu saa sukari inaanza kushikana kama mchanga wa ufukweni. Zikipita saa mbili, chembe zilizo chini zimekwisha kuyeyuka na kuwa kimiminiko cha manjano kinachong'aa, na maganda yamejikunja na kukakamaa kama majani makavu kwa jinsi yalivyonyonywa maji yake. Ukilifunua bakuli, harufu hukufika kabla hujainama. Mara ya kwanza nilisimama pale na kifuniko mkononi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Humimina maji ya moto juu yake, hukoroga hadi sukari iliyobaki iyeyuke, huchuja, huacha ipoe. Hiyo ndiyo shira, na friji huitunza kwa siku kadhaa. Moto uliokuwa ukiitesa juisi umepata kazi yake mahali hapa.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo: anayemenya au kukamua ndimu nyingi anawe mikono kwa sabuni kabla ya kutoka juani. Mafuta ya ganda la ndimu yana kemikali ambazo, zikipigwa na mwanga wa jua juu ya ngozi, huleta malengelenge kama ya kuungua, nayo hujitokeza baadaye wakati mtu amekwisha kusahau alichoshika.

Baridi, chumvi, barafu

Mambo mengine niliyatatua kwa haraka zaidi. Ulimi hauuhisi utamu wa kitu baridi kwa nguvu ileile unayouhisi nayo kikiwa vuguvugu, na kwa hiyo kinywaji kinachoonjwa kabla ya kupozwa humdanganya anayekionja. Siku hizi napoza kwanza, naonja baadaye.

Chumvi niliiogopa. Niliijaribu baada ya kujua kwamba mwaka 1997 watafiti Paul Breslin na Gary Beauchamp walionyesha katika jarida la kisayansi la Nature kwamba chumvi huukandamiza uchungu, na utamu uliokuwa umefunikwa nao ukajitokeza. Kiasi kinachobanwa kati ya vidole viwili kinatosha jagi zima, na hakuna atakayesema ametiliwa chumvi. Hata hivyo haiwezi kuiokoa juisi iliyokwisha kugeuka, nimejaribu.

Kuhusu barafu nilipiga hesabu. Gramu 1 ya barafu inapoyeyuka hunyonya joto linalotosha kupoza gramu 80 za maji kwa nyuzi 1. Mililita 400 za juisi yenye nyuzi joto 25, zikishushwa hadi nyuzi 5 kwa barafu peke yake, zitayeyusha gramu zipatazo 94, yaani karibu robo ya ujazo wake inaongezeka kuwa maji ambayo hakuna aliyeyakusudia. Juisi ikitoka kwenye friji ikiwa imekwisha kupoa, barafu hubaki na kazi ya kuilinda tu. Mabonge makubwa ni bora kuliko vipande vidogo, kwa sababu uso wake unaogusana na kinywaji ni mdogo kwa uzito uleule.

Balungi niliyoiacha

Nilikuwa na nia ya kutia balungi. Uchungu wake hutoka kwenye dutu nyingine, naringini, na haujifichi. Upo tangu funda la kwanza, na wapo wanaoupenda, nami ni mmoja wao. Lakini shangazi anameza dawa kila siku. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Kanada, waliotumia juisi ya balungi kuficha ladha ya kileo katika jaribio la dawa ya shinikizo la damu, waligundua bila kutarajia kwamba juisi hiyo ilipandisha sana kiwango cha dawa mwilini. Leo dawa nyingi zinajulikana kuathiriwa nayo. Mwenye kuandaa kinywaji kwa mtu anayetumia dawa amwulize kwanza, au aiache balungi kando.

Niliiacha.

Ninavyoitengeneza sasa

Asubuhi huosha machungwa sita na ndimu tatu kwa maji ya moto na kuyasugua, kwa kuwa ganda lake litatumika. Humenya ngozi ya machungwa manne na ndimu mbili, huiweka kwenye gramu 120 za sukari kwa saa mbili au zaidi, kisha huifanya shira kwa mililita 120 za maji ya moto. Nanasi husaga gramu 250 hivi za nyama yake iliyoiva, bila moyo wake mgumu, huchuja na kuondoa povu. Hilo nalo hungoja bila taabu. Machungwa yenyewe huyafunika vizuri na kuyaweka kwenye friji yakiwa mazima, yakiwa uchi katika weupe wake, na ndimu pembeni.

Baada ya hapo sigusi kitu.

Mgeni akishaketi ndipo huyakata. Humkamulia palepale, kwa mkono, bila kubana hadi weupe utoe maji yake, na mbegu hubaki juu ya chujio. Huchanganya na juisi ya nanasi, mililita 400 za maji baridi, chumvi kidogo na nusu ya shira. Iliyobaki huiongeza kwa kuonja, kwa sababu machungwa ya leo si ya jana. Vyombo vyangu ni vya glasi na chuma kisichoshika kutu, maana tindikali hii haipatani na alumini wala shaba. Yote huchukua kama dakika kumi, na nilikuwa nikiona aibu kumfanya mgeni angoje kiasi hicho.

Shangazi alikuja tena wiki mbili zilizopita. Alinikuta nimepanga machungwa mezani na jagi likiwa tupu, akanitazama kwa mshangao.

“Leo hujatengeneza kitu?”

“Nakungoja wewe, shangazi.”

Nilianza kukata. Alitazama chungwa la kwanza na la pili, kisha akavuta kiti karibu, akaomba kisu kidogo na kuanza kutoa mbegu kwa ncha yake kabla sijakamua, kipande baada ya kipande, huku akinisimulia habari za jirani yake aliyehama. Nilimmiminia. Alikunywa bila kukatiza hadithi yake, akaniletea bilauri nimwongezee, na alipotafuta mahali pa kuziweka mbegu alikivuta kile kisahani.